Amka, Mwana wa Kasongo, Weka Sahihi Leo!

Unajua. Usiniambie kwamba hujui.

Unajua Nyangwe iko wapi. Unajua Tongoni, Kasongo ya kale, palikuwa nini. Unajua njia iliyopita Kabambare kwenda ziwani ilibeba nini, na ilibebwa na nani. Bibi yako alikusimulia usiku, babu yako alikuonyesha kwa kidole mchana, nawe ukaitikia, "Ndiyo, nimesikia." Kisha ukaenda zako.

Leo nakushika mkono. Simama! Sikiliza! Amua!

Sikuombi fedha. Nakuomba sahihi, chini ya barua ya kudai kwamba Kasongo ya kale, Nyangwe na Kabambare vitangazwe kwa sheria kuwa urithi wa taifa, na kwamba jumba la makumbusho ya historia lisimame hapa hapa kwetu, Maniema ya kusini, likiwa na hadhi ya alama ya taifa zima. Tumeshiba ahadi za kampeni. Tumeshiba miradi ya msimu mmoja. Tumeshiba wageni wanaopiga picha na kuondoka. Tunataka sheria!

Utasema, "Nitaweka sahihi kesho." Hebu kwanza nikukumbushe unachokiahirisha.

Tarehe 15 Julai 1871. Soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Wengi waliofika ni wanawake, wamevuka kwa mitumbwi na kuku wao, samaki wao, vyungu vyao. Wanaingia watu watatu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara kutoka pwani. Unazuka ubishi juu ya bei ya kuku. Kisha risasi. Kisha risasi nyingine, na nyingine, hata kutoka upande wa horini ambako mitumbwi imefungwa.

Fikiria hori lile! Mitumbwi imebanana, makasia yamesahaulika, watu wanaparamiana. Wanajitosa mtoni, wanaogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, na mkondo unawachukua kichwa kimoja baada ya kingine. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Majina yao hayakuandikwa popote.

David Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Alikuwa ameishiwa karatasi na wino, basi akaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa maji ya mmea yaliyokuwa rangi ya kutilia nguo. Rangi ile ilififia hata maandishi yakawa hayasomeki kwa jicho. Mwaka 2011 wataalamu wakayafufua kwa kamera na taa maalumu, herufi kwa herufi. Kurasa zile za gazeti zimehifadhiwa Scotland, nchi ya mwandishi wake, na watu wamelipwa mshahara kuzilinda.

Karatasi ina mlinzi! Ardhi iliyonywa damu ile je?

Tena sikiliza. Habari ya Nyangwe ilifika Uingereza, ikawasha hasira, ikaongeza nguvu ya madai dhidi ya biashara ya watumwa. Juni 1873 Sultani Barghash akalazimishwa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Pale Mkunazini, mahali pa soko lile, pakajengwa kanisa kuu, na leo mgeni anayeshuka Unguja anapelekwa pale, anasimuliwa, anasimama kimya, anatoka akiwa mtu mwingine. Damu ya mama zetu ilisaidia kufunga soko la Zanzibar. Zanzibar ina kumbukumbu. Nyangwe imepewa nini?

Na ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa wametutangulia. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, iwe katika orodha ya kungojea kuwa urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Majina yanafuatana kama yalivyofuatana kambi za misafara. Yanafika Ujiji, kwenye maji ya Tanganyika, yanakoma.

Je, njia ile ilianzia majini? Pembe zile zilitoka ziwani kama dagaa? Wale waliofungwa kamba shingoni walizaliwa Ujiji? Walitoka huku! Walipita Kabambare, mahali pale pale ambapo Livingstone alikaa miezi mingi mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu. Walitoka Kasongo, Nyangwe, Maniema yote. Nusu ya njia imeandikwa. Nusu iliyobaki ni yetu, na sisi tumekaa!

Nchi yetu ina maeneo 5 katika orodha ya urithi wa dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga, Okapi. Yote ni mbuga, misitu na wanyama. Namshukuru Mungu kwa okapi na sokwe. Lakini nakuuliza, mwana wa Kasongo: binadamu wa Kongo hakuacha alama hata moja ya kulindwa?

Na wakati sisi tumenyamaza, wengine wanasema.

Wabelgiji wamekwisha sema. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la ofisa wao Dhanis liliingia Nyangwe, tarehe 22 Aprili likaingia Kasongo, na vita yao dhidi ya wafanyabiashara Waarabu wakaiandika kwenye mawe ya kwao. Nenda Blankenberge, mji wa pwani ya Ubelgiji: limesimama sanamu la Lippens na De Bruyne, watu wawili waliouawa Kasongo mwaka 1892. Nenda Brussels, bustani ya Cinquantenaire: upo mnara wa mwaka 1921 wa kuwasifu waliokuja kututawala. Wafu wao wawili waliofia hapa wana jiwe mbele ya bahari. Wafu wetu wa miaka ile ile, maelfu kwa maelfu, wana nini? Wana nyasi.

Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, naye amekwisha sema. Alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, Heinrich Brode akayachapisha Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na hadi leo yanasomwa. Bwana mkubwa ana kitabu. Na mpagazi aliyebeba jino la tembo kutoka Kasongo hadi pwani? Na mwanamke aliyempikia? Na kijana wa Kikusu aliyepewa bunduki akaambiwa, "Twende"? Hao kitabu chao ni wewe, na wewe umefunga mdomo!

Ninajua kinachokuzuia. Unazo kalamu nyumbani, na barabara mbovu haikuzuii kuandika jina lako. Kinachokuzuia ni aibu.

Unajisemea moyoni: tukifungua habari hizi, mtoto wa fulani atamwambia mtoto wa fulani, "Babu yako alimuuza babu yangu." Ukoo huu ulishika bunduki, ukoo ule ulifungwa mnyororo, na leo wameoana, wanazikana, wanakula sinia moja. Ya nini kuchokoza?

Ndugu yangu, wasiwasi wako una heshima, nami siucheki. Lakini sema kweli: ukimya umeponya nini? Nani kati yetu hajasikia neno "mtumwa" likinong'onwa posa inapoletwa? Nani hajalisikia kwenye ugomvi wa shamba? Nani hajalisikia uchaguzi unapokaribia? Linatembea gizani kwa sababu hatujaliwashia taa. Wazee walituachia onyo, mwacha asili ni mtumwa, na sisi tunaacha asili kwa kuogopa neno hilo hilo.

Mtazame Ngongo Lutete. Inasimuliwa kwamba utotoni alikuwa mtumwa. Akakua akawa mpiganaji wa Tippu Tip, akateka wengine. Kisha akageuka, akawafungulia Wabelgiji mlango, na ushindi wao dhidi ya Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, ulitokana na yeye kwa sehemu kubwa. Malipo yake? Septemba 1893 maofisa wale wale wakampiga risasi, na viongozi wao wenyewe baadaye wakaona kwamba lilikuwa kosa. Mtu mmoja, maisha mamoja: mtekwa, mtekaji, mshirika, mhanga. Sasa niambie, mjukuu wake akae upande gani? Aone fahari? Aone haya? Alie?

Huyo ndiye sisi. Damu yetu imechanganyika hivyo hivyo. Ndiyo maana jumba tunalolidai halitajengwa kumtukuza Tippu Tip, wala halitamhukumu mjukuu wa mtu yeyote. Litaonyesha mnyororo, na litaonyesha mchele. Maana mpunga unaoulima, ambao jimbo zima linaujua kuwa chakula cha karamu na cha kuuza, uliletwa na misafara ile. Kiswahili unachokisema, ambacho Katiba inakihesabu kati ya lugha 4 za taifa, kilipandishwa huku na misafara ile. Adhana unayoisikia alfajiri Kasongo ilifuata njia ile ile. Mema na maovu yaliingia kwa mlango mmoja, na mtoto wako ana haki ya kuuona mlango wote.

Tena lionyeshe yaliyofuata, bila kumwonea haya Mzungu! Mwarabu alipoondolewa, je, mabega yalipumzika? Pembe hazikuacha kutoka Maniema. Ziligeuza njia tu: badala ya kupanda kwenda Bagamoyo, zikashuka na mto kwenda Antwerp, na nyuma yake ukaja mpira, zikaja kodi, vikaja viboko. Waliotuambia wamekuja kuvunja minyororo walikuwa na kamba mfukoni. Hilo nalo liandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Sasa nasikia sauti nyingine, sauti ya mjuzi wa mambo. Anasema, "Sheria ni karatasi. Nchi hii ina sheria nyingi."

Mjuzi wangu, njoo Mombasa. Ngome ya Yesu ilikuwa gereza. Tangu 1895 wafungwa walilala mle. Mwaka 1958 serikali ikaitangaza kuwa hifadhi ya taifa, wafungwa wakahamishwa, mwaka 1962 milango ikafunguliwa kama makumbusho, na mwaka 2011 ikaingia urithi wa dunia. Tangazo moja lilifanya gereza kuwa shule! Bila tangazo lile, jela ingebaki jela.

Na kama unataka niseme yote, nitasema yote. Tarehe 25 Desemba 2020, Zanzibar, Beit el-Ajaib liliporomoka sehemu, mnara wake ukaanguka, watu 2 wakafa. Lilikuwa jumba la makumbusho, ndani ya Mji Mkongwe ulio urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Sheria ilikuwepo, na ukuta ukaanguka. Ni kweli. Lakini lilipoanguka, dunia ilijua, serikali iliulizwa, kazi ya kulijenga upya ilidaiwa. Kilichoandikwa kikianguka, kuna wa kuulizwa. Kisichoandikwa kikianguka, nani atauliza? Mtu atabeba matofali yake usiku, atajengea jiko lake, na asubuhi utapita hapo usijue kwamba kulikuwa na kitu.

Hiyo ndiyo hatari, na haiko mbali! Mvua ya Maniema haingoji kikao cha wabunge. Kiwanja kikigawanywa na nyumba ikipanda juu yake, hakirudi. Huko Kabambare watu wanachimba dhahabu, na sururu haiulizi kama chini kuna kaburi. Watafiti wa akiolojia, wa Kongo na wa nje, wamekwisha kuja Kasongo, wamechimba kwa utaratibu, wamewahoji wazee, wameandika kwamba historia ingalipo ardhini na midomoni. Ingalipo! Lakini ardhi inamomonyoka. Na midomo? Hesabu mwenyewe ni wazee wangapi wa mtaa wako umewasindikiza makaburini tangu ulipoanza kusema "kesho".

Basi rudi! Acha kesho, shika leo. Na usiseme huna njia, maana njia imewekwa mbele ya miguu yako.

Sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu tarehe 15 Machi 1971. Kwa zaidi ya miaka 50 serikali imekuwa na uwezo wa kuorodhesha mahali pa kale na kukataza pasibomolewe. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 46, inaipa dola wajibu wa kulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Kifungu cha 130 kinampa kila mbunge na kila seneta haki ya kuleta pendekezo la sheria. Kila mmoja! Hahitaji ruhusa ya waziri. Hahitaji kungoja chama chake. Anahitaji kalamu na moyo.

Na kifungu cha 27, ndugu yangu, hicho ni chako. Kila Mkongomani ana haki ya kuiandikia mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Soma tena. Inapaswa kujibu! Umekaa na haki hiyo mfukoni miaka yote hii, unalalamika barazani, unalalamika kwenye pikipiki, unalalamika msibani, na hujaandika hata mstari mmoja.

Mheshimiwa uliyechaguliwa Kasongo, mheshimiwa uliyechaguliwa Kabambare, nakuheshimu, lakini sitakupaka mafuta. Bunge linafungua kikao tarehe 15 Machi na tarehe 15 Septemba kila mwaka, na cha Septemba ndicho cha bajeti. Ulikwenda Kinshasa kwa sauti zetu. Mwaka 2019 huko Kinshasa yalifunguliwa makumbusho mapya ya taifa, kwa msaada wa Korea Kusini, na ni jambo jema. Ila mtoto wa Kipaka hatafika Kinshasa kuona historia ya kijiji chake. Simama bungeni! Tamka jina la Nyangwe! Weka pendekezo mezani!

Imamu wangu, sema Ijumaa. Padri wangu, sema Jumapili. Mchungaji, usinyamaze. Nyinyi mmesimama juu ya udongo mmoja, na wafu waliolala humo hawaulizi nani anaswali wapi.

Mwalimu, wapeleke watoto. Wapeleke kwa miguu, wakae chini, wamsikilize mzee mmoja, waandike alichosema kwa jina lake na tarehe yake, waweke daftari lile shuleni. Kazi ya makumbusho huanza hivyo, kabla ya saruji.

Na wewe uliye mbali, Kinshasa, Goma, Lubumbashi, Ulaya! Unajisifu "mimi ni mtu wa Maniema" kila penye ngoma na harusi. Simu yako ina nafasi ya picha elfu. Je, ina nafasi ya sauti ya nyanya yako akisimulia? Mpigie. Mrekodi. Leo jioni, kabla hujalala.

Msihofu kwamba mtaonekana wachochezi. Mchochezi ni yule anayeacha watoto wajifunze habari zao kwa matusi. Msingoje mfadhili. Mfadhili huja penye sheria, kwa kuwa penye sheria kuna anwani, kuna mpaka uliopimwa, kuna mtu wa kusaini. Msingoje barabara iishe kwanza. Barabara nayo itadaiwa kwa nguvu zaidi siku ambapo mwisho wake pana kitu ambacho taifa limekiandika kwa jina.

Nimekwisha sema. Sasa kuna wewe, kuna karatasi, kuna uamuzi. Utaweka sahihi, au utaendelea kujua tu?

Barua isiwe ndefu. Andikeni hivi: sisi wakaaji na wazaliwa wa teritwari za Kasongo na Kabambare, kwa haki ya kifungu cha 27 cha Katiba, tunaomba Kasongo ya kale, Nyangwe na Kabambare vipimwe, viorodheshwe na kulindwa kuwa urithi wa taifa, tunaomba iwepo sheria ya kuunda jumba la makumbusho ya historia la taifa katika Kasongo, lenye fungu lake katika bajeti, tunaomba jibu ndani ya miezi 3. Chini yake majina, sahihi, na alama ya kidole kwa asiyeandika. Nakala moja kwa waziri wa utamaduni, moja kwa gavana na Bunge la jimbo, Kindu, moja kwa kila mbunge na seneta wetu, na moja ibaki kwenu ikiwa na mhuri wa kupokelewa.

Chukua kalamu sasa. Andika jina lako, kisha mpe kalamu jirani yako.